Kipande cha Lugano Kilichokaa Kwenye Friza

Siku hiyo jua lilikuwa limewaka kijijini Lupepo, penye baridi ya milimani, jambo la kushukuru, lakini Lugano alikuwa jikoni anachochea kuni. Alikuwa amesogeza kigoda cha pili motoni na kukiacha wazi.

"Nani anakaa hapo, baba?" mama yake, Tumpe, akamuuliza.

"Yule waliyemtoa kichwani kwangu. Anasikia baridi, mama. Kule kuna barafu na giza."

Tumpe alikitazama kigoda kitupu. Tangu mwanawe apasuliwe uvimbe wa ubongo Mbeya, hakuwa amepata usingizi wa maana. Mwenyewe alikubali, tena kwa moyo mkunjufu, kipande cha uvimbe kihifadhiwe kwenye friza la utafiti, ili madaktari wajifunze kutibu watoto wengine. Sasa chumba cha mtoto kilinuka dawa za hospitali, na chini ya kitanda meno yaligongana ilhali Lugano amefumba mdomo.

Akajilaumu. Kitovu cha mtoto kilizikwa migombani, nyumbani. Iweje kipande cha kichwa chake kikalale ugenini? Aliamini mwili unaita kilicho chake. Akapanda gari kwenda Mbeya kukidai.

Elina, nesi wa utafiti, hakubishana naye. "Ni haki yako, mama Lugano. Ila kikiyeyuka hakitafaa tena, na kuna watoto wanakitegemea."

"Nimechoka, Sista. Nipe tu."

Elina akashusha sauti. "Tangu kiingie, friza lile linagongwa kwa ndani. Mlinzi amekataa kukaa karibu nalo. Mimi ningekiacha humo humo."

Tumpe hakutaka kusikia zaidi. "Ndaga, Sista," akashukuru, akaondoka nacho. Alikizika migombani, na meno yakanyamaza. Maskini, alilala kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi, ukungu umeshuka hadi mlangoni, alishtuka akasikia kitu kinaburuta miguu kutoka migombani, kikapita jikoni, kikaingia chumbani kwa mtoto na ile harufu ya dawa, nzito kiasi cha kumtoa machozi, na alipofika akamkuta Lugano ameketi kitandani, ameshika kovu lake, anamsikiliza mtu asiyeonekana.

"Anashukuru umemfungulia," mtoto akanong'ona. "Anataka kurudi kwake. Lakini anasema madaktari wamepapunguza, hapamtoshi. Akiingia, kichwa changu kitapasuka."

Ndipo Tumpe alipoelewa. Friza halikumtesa mwanawe. Lilikuwa limemfungia jini aliyetolewa kichwani mwake, na yeye, mama mtu, ndiye aliyemtoa na kumleta nyumbani. Uchungu ukazidi hata woga.

Alipanda kitandani, akamlaza mtoto kifuani, akafungua kitambaa chake cha kichwa.

"Mwambie kichwa changu ni kikubwa," akasema. "Aje."

Lugano akasinzia papo hapo. Kisha vidole vya baridi vikaanza kuzichambua nywele za Tumpe, taratibu, vikitafuta pa kuingilia.