Moto Huu Unapika Nini?

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, moshi wa tanuri langu uligeuza gauni la bibi harusi kuwa la kijivu. Siku hiyo ndipo kila kitu kilipoharibika.

Mimi ni mwokaji mikate. Mtaani wananiita Mzee Moshi. Jina hilo sikuliomba, ila nililistahili. Kila asubuhi, tanuri likishapata moto, nilichukua kuni mbili tatu mbichi nikazitupia ndani. Kuni mbichi hazitoi joto la maana. Zinatoa moshi. Na moshi ndio nilioutaka. Ulipanda mnene juu ya mapaa, na mtaa mzima ukajua kwamba mikate inakuja.

Marehemu mke wangu ndiye aliyeanzisha. Hatukuwa na kibao mlangoni.

"Kibao cha nini?" alisema. "Wengi hapa hawajui kusoma. Moshi kila mtu anausoma."

Tanuri lenyewe alilijenga yeye, kwa udongo na matofali, mimi nikimpa maji na ubishi. Udongo ulipokuwa bado laini, alibandika kiganja chake karibu na mdomo wa tanuri. Alama ipo mpaka leo, vidole vitano na pete. Yeye hayupo. Aliugua ghafla. Tukapiga simu hospitali, tukaambiwa gari la wagonjwa lipo ila halina mafuta. Tangu siku hiyo mimi na wakubwa hatupikiki chungu kimoja.

Basi Jumanne hiyo kuni zilikuwa mbichi kuliko kawaida, na upepo ukageuka. Jirani yangu ni mama mmoja fundi cherehani. Alikuwa ametundika gauni la harusi mlangoni pake, jeupe pe. Baada ya muda mfupi nikamwona anakuja amelibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Mzee Moshi, tazama."

"Naona gauni."

"Rangi gani?"

"Nyeupe," nilisema. "Kwa mbali."

"Harusi ni Jumamosi. Huyu mtoto wa watu anakwenda kuolewa au anakwenda kuuza mkaa?"

Shemeji yangu, dada wa marehemu, alikuwa anakanda unga. Alicheka mpaka akaegemea meza. Mimi sikucheka.

Gauni lilifuliwa likatakata. Maneno hayakufulika. Mchana fundi cherehani alikwenda ofisi ya jiji kunishtaki, na jioni alikuja mama wa makamo kwa baiskeli. Alikuwa ofisa wa mazingira, kazi yake kuangalia hewa ya jiji. Shemeji akampa jina papo hapo: Bibi Hewa.

Bibi Hewa alitazama bomba la moshi. Akashika kuni moja, akaibonyeza, maji yakamchuruzika kidoleni. Kisha akaniambia bila kuzunguka: nina mwezi mmoja. Moshi uishe, ama sivyo jiji litalivunja tanuri.

Niliweka mkono wangu juu ya kiganja cha mke wangu.

"Mnaona moshi wangu tu," nilimwambia. "Jalala la jiji linawaka mwaka wa ngapi huu? Lile limepewa mwezi mmoja na nani?"

"Hapo una haki, baba," alisema. "Jalala nalo nimeliandikia, na ofisini wananizungusha kama wanavyomzungusha mwananchi yeyote. Lakini leo niko kwenye tanuri lako."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Mtu akikukubalia, ugomvi unakosa pa kukaa.

Asubuhi ya pili alirudi mapema. Alivua viatu vyake vya ofisini, akavaa ndala za Shemeji, akaketi juu ya gunia la unga.

"Moshi ni kitu gani, baba?" aliniuliza.

"Moshi ni moshi."

"Moshi ni kuni ambazo hazikuungua sawasawa. Unazinunua, unazipasua, halafu unazirusha angani."

"Miaka yote hii," Shemeji alisema, "kumbe shemeji yangu analisha ndege kuni."

"Wewe kanda," nilimwambia.

Bibi Hewa aliendelea. "Na kuna hewa nyingine inayotoka hapo, ile huioni. Inaitwa hewa ya ukaa. Ukichoma kuni inatoka. Ukichoma mkaa, petroli au dizeli, inatoka. Inapanda juu na kuifunika dunia kama blanketi. Blanketi jepesi ni jema, bila hilo tungeganda kwa baridi. Lakini sisi kila mwaka tunaongeza lingine juu yake. Joto linakosa pa kutokea. Ndiyo maana jua linazidi ukali, na mvua inakuja siku isiyoalikwa."

"Lakini kuni ni miti," nilisema. "Miti inaota tena."

"Ikipandwa. Mti unaokua unaivuta hewa hiyo na kuirudisha ndani yake. Nani amepanda badala ya hii?" Alionyesha lundo langu la kuni.

Nikamuuliza langu. "Kwa hiyo blanketi la dunia nimelifuma mimi, na mikate yangu?"

"Wewe umetia uzi. Viwanda vikubwa na magari vimetia nyuzi nyingi kuliko wewe. Lakini blanketi ni nyuzi, baba. Na uzi ulio mkononi mwako ni huu."

Binti yangu aliingia wakati huo. Yeye ndiye anayepeleka mikate madukani kwa kigari chetu. "Sasa tufanyeje?" alisema. "Tuoke kwa dua?"

"Tuulize swali moja tu," Bibi Hewa alisema. "Kila moto tunaouona hapa tuuulize: unapika nini? Ukiwa na jibu, uache. Ukikosa jibu, uzime."

Tukaanza kuzunguka. Niliona ni mchezo wa watoto, lakini nilifuata nyuma.

Kuni mbichi zilipika nini? Hazikupika kitu. Zilipika gauni.

Moto wa mchana, baada ya mkate wa mwisho kutoka, ulipika nini? Nilikuwa nauacha uwake mpaka jioni kwa sababu sikupenda tabu ya kuuwasha upya. Ulipika uvivu wangu.

Mlango wa tanuri ulikuwa kipande cha bati. Pembeni ulipitisha mkono mzima. Joto lililotoka hapo lilipika nini? Lilipika nyusi za Shemeji, na kweli hakuwa nazo.

Tukafika nyuma ya tanuri. Ukuta ulikuwa mwembamba, ukiugusa unaruka. Juu ya kibao, karibu na ukuta huo, alikuwa amelala paka wetu, miguu juu.

"Na ukuta huu unapika nini?" Bibi Hewa aliuliza.

"Unapika paka," Shemeji alisema.

Hapo nilicheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka chenyewe. Binti yangu alinitazama kama mtu aliyesikia mlango uliofungwa siku nyingi ukifunguka.

Tulitoka nje. Kigari kilikuwa kinanguruma peke yake, hakuna mtu ndani. Bibi Hewa alimtazama binti yangu.

"Nikikizima hakiwaki," binti alijitetea. "Betri imechoka. Kwa hiyo nashusha mikate kinanguruma hivyo hivyo, duka hadi duka."

"Kwa hiyo injini inapika nini?"

"Inapika mafuta yetu," binti alisema, na akainamisha kichwa.

Kazi ikaanza siku hiyo hiyo. Tulijenga kibanda cha kuni, paa juu na pande wazi ili upepo upite. Kuni zikapangwa zikauke, za zamani mbele, mpya nyuma. Binti alipeleka kigari kwa fundi, betri ikabadilishwa. Maduka ya karibu akaanza kuyapelekea mikate kwa baiskeli yenye sanduku. Mhunzi alitutengenezea mlango unaoziba kama kifuniko cha sufuria nzuri.

Kisha akaja fundi mwashi kulivisha tanuri koti. Ndivyo alivyosema mwenyewe: koti. Alichanganya udongo, majivu na nyasi kavu, akalipaka tanuri tabaka nene ili joto libaki ndani. Alipaka nyuma, akapaka juu, akaja mbele. Alipokaribia mdomo wa tanuri, nilisimama mbele yake.

"Hapo hapana."

"Mzee, nikiacha hapo joto litatoroka."

"Nimesema hapana."

Fundi aliona kiganja ukutani. Aliona na uso wangu. Akamgeukia Bibi Hewa, maana ndiye aliyekuwa na sheria.

Shemeji aliacha kukanda. Nilijua sasa nitasikia sauti ya serikali. Bibi Hewa alisogea, akaitazama ile alama ya pete kwa muda.

"Zunguka hapo, fundi," alisema. "Acha nafasi ya kiganja."

"Na joto litakalotoka?"

"Hilo linapika kitu."

Nilikwenda nje kuhesabu kuni. Hazikuhitaji kuhesabiwa.

Siku ya kwanza ya kuoka bila moshi, tulisimama uani mimi, Shemeji, binti yangu na Bibi Hewa, shingo juu kama kuku wanaosikilizia mwewe. Kuni kavu ziliwaka kwa mwali safi. Juu ya bomba hewa ilitetemeka kidogo tu. Mbingu ilikuwa ya buluu.

Mikate ilitoka mizuri. Tukaipanga. Tukasubiri. Hakuna aliyekuja.

Saa moja ikapita, saa mbili zikapita. Mwishowe aliingia kinyozi wa mtaa, amevua kofia, uso wa msibani.

"Poleni," alisema. "Tumeona leo moshi haukutoka. Nani amefariki?"

"Amefariki moshi," Shemeji alimjibu. "Maziko yamekwisha. Nunua mkate."

Kinyozi alinunua, lakini mikate mingi ilibaki. Nilimgeukia Bibi Hewa. Hasira yangu ya zamani ilikuwa imerudi imekaa mahali pake. "Hivi ndivyo mnavyotufanya," nilimwambia. "Tanuri mmeniachia, wateja mmewafukuza. Nitapika kwa ajili ya nani sasa?"

Alikwenda mlangoni, akatazama barabara tupu.

Ndipo fundi cherehani akatokea dirishani. Tangu siku ya gauni alikuwa hajakanyaga kwangu. Alisimama, akavuta pumzi kwa pua, akavuta tena.

"Mzee Moshi, umetia nini kwenye mkate leo?"

"Unga, maji, chumvi, hamira. Kama siku zote."

"Mbona unanukia hivi? Nimeacha cherehani inazunguka."

"Siku zote unanukia."

"Siku zote unanuka moshi, baba. Mkate wako leo ndiyo mara ya kwanza kuunusa."

Binti yangu alikuwa amekwisha elewa. Alinyanyua trei za mikate iliyotoka tanurini wakati huo, akazipanga kwenye dirisha la barabarani, akafungua na mlango wa pili ili upepo upite. Harufu ikatoka ikatembea mtaani yenyewe. Ilipita kwa kinyozi, ikapita kwa fundi viatu, ikakata kona. Kabla ya adhuhuri hatukubaki na mkate hata wa kwetu.

"Harufu nayo kila mtu anaisoma," Shemeji alisema. Aliitazama alama ya dada yake na kuitikia kwa kichwa, kama watu wawili waliokubaliana jambo.

Sasa kuni tulizokuwa tukichoma kwa siku moja zinatutosha siku mbili. Mkate wa mwisho ukitoka, hatuongezi kuni. Tanuri likiwa na koti lake linabaki na joto, na majirani wanaleta vyungu vyao vinaiva humo kwa joto lililobaki, bila moto mwingine kuwashwa katika nyumba zao. Nyuma ya nyumba tumepanda miche ya miti, na mwaka huu imenifikia magotini. Shemeji hakohoi tena asubuhi, kwa hiyo anaimba, na hilo nalo tunalivumilia. Nyusi zake zimeota. Fundi cherehani anatundika nguo nyeupe nje kwa makusudi, ananionyesha. Paka tu ndiye aliyekasirika. Ukuta wake umepoa, akahamia mbele ya tanuri, chini ya kile kiganja. Nami nikipita hapo asubuhi naweka mkono wangu. Pana uvuguvugu, kama mkono wa mtu.

Lakini nirudi kwenye mwezi ule niliopewa. Habari zilifika juu. Mwezi ulipotimia, tuliambiwa Meya mwenyewe atakuja kutupa kibali, na waokaji wengine wa jiji wataletwa waone. Mtaa ulifagiliwa. Shemeji alivaa viatu vinavyombana.

Meya alifika na magari. Sikuyahesabu, lakini la mwisho lilikuwa bado linakata kona, la kwanza likiwa mlangoni kwangu. Alikula mkate, akasifu. Alinipa kibali mkononi mbele ya watu, na tanuri la mke wangu likawa salama. Nilishukuru, na nilishukuru kwa kweli. Kisha akahutubia. Alisema jiji letu litapunguza hewa ya ukaa, kila biashara na kila nyumba. Alisema tujifunze kwa mzee huyu. Hotuba ilikuwa nzuri na ndefu.

Nje, magari yote yalikuwa yananguruma. Madereva walikuwa ndani, vioo vimefungwa, wanapulizwa na ubaridi. Moshi wa nyuma ulikuwa unaingia polepole dirishani kwangu, juu ya mikate. Nililikumbuka gari lingine, lile lililokosa mafuta.

Meya alimaliza, watu wakapiga makofi. Akauliza kama mwenye nyumba ana neno.

Binti yangu alinivuta shati. Bibi Hewa aliinama akawa anatazama ndala za Shemeji miguuni pake, lakini niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

"Ninalo, Mheshimiwa," nilisema. "Ni swali dogo. Sisi hapa tumefundishwa na ofisi yako kuuliza kila moto. Tanuri langu linawaka, linapika mkate. Hayo magari yako yamewashwa tangu ulipofika. Yanapika nini?"