Anayejibu Hungojwa

Haya yalimpata rafiki yangu, mke wa mchonga mawe, tunayeishi naye ukuta kwa ukuta, wala sitii chumvi. Mji wetu wote umejengwa kwa mawe ya machimboni, na huko kuna desturi ya tangu enzi za mababu: kabla ya kuwasha baruti, msimamizi hugonga mwamba mara tatu. Aliye ndani hujibu kwa kugonga tatu, naye hungojwa mpaka atoke.

Juzi mchana alikuwa anampelekea mumewe chakula, mtoto mgongoni, akaona akatize kwenye handaki la machimbo ya zamani, lile lililoporomokea watu. Giza totoro, maji yanadondoka, mara akasikia: ko, ko, ko. Akaokota jiwe, akajibu. Mazoea tu! Ndipo akakumbuka humo hakuna anayefanya kazi siku hizi, akageuka mbio hadi nyumbani, akasimulia.

“Nani alikutuma kujibu, mwanangu?” mama mkwe wake akamaka. “Sasa watakungoja.”

“Mama, usinitishe, maziwa yatanikauka!”

Jioni nikaenda kumpa pole. Tunaongea, mtoto wake akatambaa na kijiko, akagonga ukuta wetu mara tatu. Upande wa kwangu ukajibu: ko, ko, ko.

“Mwambie mumeo aache utani,” rafiki yangu akasema.

Mume wangu alikuwa kazini. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, na ndani nilimwacha mwanangu peke yake, amelala. Ana miezi mitatu, hata kukaa hajui.