Kisigino cha Kotekote

Asubuhi ile, kwenye njia ya chini ya stesheni kuu, watu walikuwa wakipishana kama siafu. Fundi viatu alikuwa hajamaliza hata kupanga nyundo na gundi zake wakati kiatu kimoja kilipotua mezani, puu!

"Shikamoo, Fundi. Naomba uniokoe kwa dakika ishirini."

Fundi akainua uso. Mwanamke aliyesimama mbele yake akapiga makofi akicheka.

"Mungu wangu, kumbe kijana! Hiyo kofia ndiyo imekuzeesha. Nirudishie shikamoo yangu."

"Ikishatoka imetoka," Fundi akamjibu. "Marahaba, mwanangu."

Mwanamke alikuwa mrefu, amevaa suti ya michezo ya kijani, nywele amezibana kisogoni, na begani alining'iniza begi refu. Fundi akakigeuza kiatu. Kilikuwa cha njumu, cha mguu wa kulia, kimechanika nchani hadi kidole kingeweza kuchungulia nje.

"Nipe na mwenzake." Akapewa. Akavitazama vyote viwili, akaguna. "Mguu wa kulia unauburuta. Wa kushoto unatua nao kwa kishindo. Dada, kuna kitu unakirusha, na unakirusha kwa hasira."

"Narusha mpira wa kriketi. Nani kakwambia?"

"Kiatu hakimfichi fundi siri."

Jirani yake, muuza magazeti ambaye kila mtu alimwita Mama Magazeti, hakuweza kujizuia. "Wee Fundi, unaishi dunia gani? Huyo ni Kotekote! Timu ya taifa! Kurusha yumo, kupiga yumo, kudaka yumo. Uwanja mzima ni wake!"

Fundi akashika msharasi, akatoboa, akashona kipande cha ngozi ngumu kwenye ncha ya kiatu. Mkono ulifanya kazi yake, ila moyo ulikuwa na mambo yake. Dakika ya kumi na tisa akamkabidhi.

"Na namba yako ya simu?" Kotekote akauliza.

"Ya nini?"

"Kikichanika tena nikiwa mbali, nimlilie nani?"

Hakikuchanika, lakini simu ilipigwa. Ikapigwa kesho yake, na kesho kutwa.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Umeshinda?"

"Swali gani hilo? Uliza nimeshinda kwa ngapi."

Basi wakazoeana, na mazoea yakazaa mapenzi. Jumapili Fundi alikwenda kumtazama akifanya mazoezi. Alimwona akitandika leso kwenye nyasi, kisha akisimama kwenye mstari ambao mrushaji haruhusiwi kuuvuka, na kutoka hapo akirudi nyuma hatua kumi na nane, akizihesabu kwa midomo. Akaja mbio, akarusha, mpira ukatua juu ya leso. Akarudia mara sitini. Mara hamsini na moja mpira uliipata leso, na zile tisa zilizokosa alizinunia kama mtu aliyetukanwa. Halafu akachukua gongo na kupiga mipira mia mbili. Fundi, ambaye alidhani yeye ndiye mtu mvumilivu kuliko wote mjini, alirudi nyumbani amenyenyekea. Usiku ule alimshukuru Mungu kwa kuumba kiumbe kama yule, kisha akaomba, kwa haya kidogo, awe wake.

Lakini kiatu hakimfichi fundi siri. Mwaka wa pili, alama za kiatu cha kushoto zilianza kuhama. Kisigino kiliisha upande mmoja.

"Mpenzi, goti linakuuma."

"Haliniumi."

"Kiatu kinasema linakuuma."

"Basi kaoane na kiatu!" Akacheka, akamshika shavu. "Fundi wangu, zimebaki siku kumi tufike fainali. Nikienda kwa daktari sasa, ataniambia nipumzike. Goti ni langu. Niachie."

Fundi hakumwachia. Wiki ya fainali, Kotekote alipomletea viatu avishone, alifungua kisigino cha kushoto, akaweka ndani kipande cha ngozi laini chenye unene wa ukucha ili mguu utue taratibu. Akakifunga vizuri, mshono hauonekani. Hakumwambia. Alijisemea kwamba wema hautangazwi. Akaweka mkono juu ya kiatu na kuomba: "Ee Mungu, lilinde goti lake."

Siku ya fainali alisikiliza kwenye redio ya Mama Magazeti. Mchezo ulibana. Mpigaji hodari wa wapinzani alikuwa amesimama kama ukuta, na kapteni akampa Kotekote mpira. Akaja mbio, akarusha, vijiti nyuma ya mpigaji vikaruka hewani. Mama Magazeti akamkumbatia Fundi, magazeti yakamwagika.

Kisha mtangazaji akasema, "Ngojeni kidogo." Mwamuzi alikuwa amenyoosha mkono. Mguu wa kushoto wa mrushaji ulikuwa umevuka mstari, kwa upana wa kidole. Wiketi, yaani kule kumtoa mpigaji, haikuhesabiwa. Baada ya mipira mitatu mpigaji yuleyule alimaliza mchezo, na kombe likaenda kwa wengine.

Jioni simu ikalia.

"Fundi. Umekifanya nini kiatu changu?"

"Niliongeza kipande kwenye kisigino. Kwa ajili ya goti."

"Lini uliniambia?"

"Sikukwambia. Nilifanya kwa kukupenda."

"Miaka kumi na mbili nahesabu hatua kumi na nane! Sijawahi kuvuka ule mstari kwenye fainali. Wewe umebadilisha kutua kwangu, ukaniacha nikimbie kama kipofu mbele ya dunia nzima. Mtu akikubadilishia sindano bila kukwambia, ukajichoma, utamwita mpenzi?"

"Nisamehe, mama. Naomba—"

"Usinipigie tena."

Simu ikakatika. Fundi hakupiga tena. Aliona kwamba aliyemkosea mtu kwa kutomsikiliza hawezi kutubu kwa kukataa kumsikiliza mara ya pili.

Miaka minne ikapita. Mama Magazeti, kila kulipokuwa na habari, alikunja gazeti na kulisukuma mezani kwa Fundi. Kotekote kapiga mikimbio mia na kuangusha wiketi tano ndani ya mchezo mmoja. Kotekote amefanywa kapteni. Kotekote ameinua kombe, picha yake iko ukurasa mzima, meno yote nje. Kisha Kotekote anastaafu, uwanja umesimama, hata wapinzani wamejipanga mistari miwili kumpigia makofi. Kisha Kotekote kocha wa timu ya wasichana, waliokuwa wakifungwa na kila mtu, sasa wamefuzu mashindano ya kimataifa kwa mara ya kwanza.

Fundi alizisoma zote. Alikuwa ameacha kuomba arudi. Aliomba goti tu. Na kila picha ilipomwonyesha akikimbia, alisema, "Ahsante, Baba."

Alasiri moja kivuli kikaangukia meza yake.

"Shikamoo, Fundi."

Akatazama. Kofia nyeupe pana, filimbi shingoni, fulana yenye neno KOCHA kifuani, na mkononi begi kubwa kama gunia. Alisimama sawasawa kwa miguu yote miwili.

"Marahaba," Fundi akasema. "Safari hii nina mvi, naipokea kihalali."

Kotekote hakucheka. Akatoa kiatu kimoja kikuukuu cha kushoto, akakiweka mezani. "Kifungue kisigino."

"Unaniruhusu?"

"Nakuomba."

Akafungua. Ndani kilikuwamo kipande chake cha ngozi, kimekuwa cheusi kwa jasho, kimekandamizwa hadi kubaki chembamba kama karatasi. Huwezi kukivaa kiatu mchezo mmoja kikawa hivyo. Ilihitaji miaka. Pembeni ulikuwapo mshono mwingine, mbaya, wa mtu asiyejua kushona.

"Hukukitoa?"

"Nilikitoa usiku uleule. Asubuhi goti likauma, likanikumbusha kwamba siku ya fainali halikuwa limeniuma. Nikakirudisha, nikakishona mwenyewe, nikaenda uwanjani kupima upya. Hatua kumi na nane na nusu. Kila ulichokisoma gazetini, nimekikanyagia hapo."

"Sasa kwa nini miaka yote..."

"Nilisema usinipigie. Na wewe, mtu mzima na akili zako, kweli hukunipigia!"

"Huyo ndivyo alivyo!" Mama Magazeti akadakia. "Ukimwambia akusubiri hapa, ataota mizizi!"

Sasa Kotekote akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. "Nina binti mmoja kwenye timu, anarusha vizuri ila anavuka mstari. Wiki iliyopita niliwahi uwanjani, nikaisogeza nyuma alama yake ya kuanzia. Kidogo tu. Sikumwambia. Alipogundua alilia, akasema nimemfanya mjinga. Unajua nilimjibu nini? 'Nilifanya kwa kukupenda.' Fundi, nilisikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu. Nikamwomba msamaha mbele ya wenzake wote, naye akanisamehe. Njiani nikajiuliza, mbona wewe nilikunyima huo msamaha?"

Fundi akakitazama kile kipande, kisha akavua kofia yake.

"Kotekote, kuna jambo nataka kulifanya. Safari hii nakwambia kabla. Nataka kukuoa. Jumamosi nataka kwenda kwa mama yako, saa nne, kwa mlango wa mbele. Sijagusa kitu chochote. Ukikataa, kila kitu kibaki kilipo."

Wapita njia wakaendelea kupita. Mama Magazeti akasogea karibu asikie.

"Hatua umezipima?" Kotekote akauliza taratibu.

"Miaka minne nazipima."

"Basi njoo." Akafuta machozi kwa ukingo wa kofia, akalifungua lile begi. Lilikuwa limejaa viatu vya wasichana wake, vyote vimechanika. "Anza na hivi, mume wangu mtarajiwa. Kila kimoja nimekiandika jina na namba ya simu ya mwenyewe, umpigie umuulize kabla hujashika sindano. Na usivuke mstari kabla ya Jumamosi."

Fundi akainamisha kichwa, kidogo kwa kucheka na kidogo kwa kushukuru, akavuta simu.