Miti Iliyohesabiwa kutoka Ng'ambo

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Dativa alifagia upande wake wa uwanja wa shule ya Gatovu, akanawa miguu, kisha akafungua daftari la klabu ya mazingira. Alikuwa katibu wa klabu hiyo, na cheo chenyewe alikipenda kupita kiasi. Kalamu ilikaa sikioni kama ya karani wa wilaya, hata wakati wa kula.

Alhamisi moja mwalimu alimpa kazi. Serikali ilikuwa imepanga kila mteremko mkali upandwe miti ili mvua isichukue udongo, na kila kijiji kilipewa fungu lake. Mwenyekiti wa kijiji alitia saini ahadi mbele ya wakubwa wa wilaya, na mara mbili kwa mwaka miti ilihesabiwa: mingapi hai, mingapi imekufa. Kijijini Gatovu, kazi ya kuhesabu ilikuwa ya klabu. Mwenyekiti naye, kwa bahati nzuri au mbaya, alikuwa Gakwaya, baba yake Dativa.

"Mnashuka bondeni, mnavuka kijito, mnapanda mpaka juu," mwalimu alisema. "Mti kwa mti. Kesho nataka hesabu."

Dativa alitoka na rafiki yake Ntwari, mtoto wa maneno mengi na hatua chache. Jua lilikuwa kali. Kutoka uwanjani waliuona mteremko wote ng'ambo ya bonde, umetandazwa mbele yao kama mkeka. Kila mche ulikuwa na kijiti pembeni, ncha yake imepakwa chokaa, na ncha hizo ziling'aa safu kwa safu.

"Katibu, una macho?" Ntwari aliuliza.

"Ninayo mawili."

"Basi miguu ya nini?"

Dativa alicheka, na kwa kicheko hicho akawa ameshakubali. Waliketi kivulini, wakagawana safu na kiazi kitamu cha kuchoma, wakahesabu ncha nyeupe mara mbili. Zilikuwa mia mbili na arobaini kamili. Dativa akaandika: "Iliyopandwa 240. Iliyo hai 240." Akapiga mstari chini kwa rula.

Ijumaa baba yake alipoliona daftari, alimwita mkewe kutoka jikoni. "Mama Dativa, njoo uone! Hakuna hata mti mmoja uliokufa. Tarafa nzima nani ana hesabu kama hii?" Papo hapo akatia saini, na jioni hiyohiyo hesabu ikapelekwa tarafani. Mama akamwongezea Dativa maziwa mgando, naye akayanywa bila wasiwasi wowote.

Kesho yake ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka yalifungwa, na kila mtu akashika jembe. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuchimba mitaro ya kuzuia maji, tena palepale penye miti. Dativa akavuka kijito na wenzake, akapanda huku akiimba.

Wimbo ulikatika kwenye kijiti cha kwanza. Pembeni yake palikuwa na mche mkavu kama ufito. Kwenye kijiti cha pili hapakuwa na mche kabisa, ila udongo wa mchwa. Wa tatu ulikuwa mzima. Wa nne ulivunjika mara tu alipougusa. Kumbe kiangazi na mchwa walishapita hapo zamani, na vijiti vilikuwa vimesimama peke yake.

"Vijiti vyote viko hai," Ntwari alinong'ona.

"Nyamaza wewe! Na wewe ulihesabu!"

Walichimba huku wakihesabu kimyakimya, na safari hii walipita kwa kila mti. Iliyo hai ilikuwa mia moja thelathini na saba. Mia moja na tatu ilikuwa imekufa, mingi yake kwenye mteremko ulio juu ya nyumba ya Bibi Verediyana, ambaye masika yaliyopita tope liliingia nyumbani mwake mpaka chini ya kitanda. Na bibi mwenyewe huyo hapo, ameegemea jembe, anatabasamu.

"Mjukuu wangu, nasikia miti yote imeshika! Mungu akubariki. Mwaka huu nitalala usingizi wa kweli."

Dativa alitamani ardhi ipasuke, aingie na jembe lake.

Kazi ilipokwisha, watu waliketi kwenye nyasi kwa mkutano. Barabarani lilisimama lori lililojaa miche na mafungu ya matete ya kushikilia udongo. Bi Mukandoli, bibi shamba wa tarafa, akasimama na makaratasi yake.

"Mzigo huu ni wa kuziba mapengo," alisema. "Mvua inaanza wiki ijayo, na lori halirudi tena msimu huu. Nyinyi wa Gatovu hamna pengo hata moja, hongereni sana! Kwa hiyo mzigo wote unakwenda kilima cha Rusenge."

Makofi yakapigwa. Gakwaya akainuka, akaweka kofia yake sawa, uso ukimng'aa kwa fahari. Dereva akawasha injini.

Dativa alimtazama baba yake, akamtazama Bibi Verediyana aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote. Ntwari akamvuta sketi. "Kaa. Tutavimwagilia vile vijiti, labda vitaota."

Dativa hakukaa. "Bi Mukandoli, lori lisiondoke!" aliita. "Hesabu yangu si ya kweli. Niliketi shuleni nikahesabu vijiti kutoka ng'ambo. Miti mia moja na tatu imekufa."

Mzee mmoja wa nyuma akaangua kicheko. "Kumbe mwaka mzima tunafuga vijiti!" Kilima kizima kikacheka. Gakwaya peke yake hakucheka. Aliketi polepole.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani nilikuwa sijui, baba. Nimejua leo."

Gakwaya alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Kila mtu alijua kwamba kijiji kilichokuwa cha kwanza sasa kingeshika mkia, na aliyeitia saini ahadi ni yeye. Hatimaye akasimama tena. "Kosa si lake peke yake. Mimi ninaishi hapa, na sikupanda kuangalia. Niliipenda namba, nikaitia saini. Bi Mukandoli, andika ukweli."

Bi Mukandoli hakuandika kwanza. Alipanda mteremko na watoto wale wawili, mti kwa mti, Ntwari akihema nyuma kama mbuzi mgonjwa. Hesabu ikatoka ileile. Hapo akaamuru miche mia moja na tatu ishushwe pamoja na nusu ya matete, na iliyobaki iende Rusenge. Watu wakashika majembe upya, na Bibi Verediyana akawa anawapokeza miche huku akiwatania waliochoka. Hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka mche wa mwisho ulipoingia ardhini.

Kabla ya kuondoka, Bi Mukandoli aliwaita Dativa na Ntwari.

"Mnadhani mpango wa serikali unaanzia mjini, kwenye ofisi kubwa? Unaanzia kwenye daftari lenu. Kijiji kinapeleka hesabu tarafani, tarafa wilayani, wilaya wizarani. Huko ndiko wanakoamua ioteshwe miche mingapi na lori liende wapi. Mkiandika uongo, wakubwa wote wanaufuata, na anayeingiliwa na tope ni bibi yenu. Uvivu wenu umewaaibisha, na mlistahili. Lakini kusema kweli mbele ya watu, baba akisikia, ni kazi ngumu kuliko kuchimba mtaro, na wewe Dativa umeifanya."

Akaifuta ile 240 kwenye karatasi yake, akampa Dativa kalamu. Dativa akaandika 137. Iliuma kidogo, maana ilikuwa namba ndogo kuliko za vijiji vyote.

"Hiyo ndiyo namba bora niliyopata mwezi huu," Bi Mukandoli alisema. "Ninaweza kuifanyia kazi."