Mfupa Ulioonjwa

Ulimi ndio uliomponza yule mama. Usicheke! Wachimba mifupa ya kale hulamba: jiwe huteleza ulimini, mfupa hunata. Naye, mtaalamu mzima wa maabara, mtafutaji wa chembe za nyama zilizosalia ndani ya mfupa, akalamba mfupa wa paja la mtoto wa dinosaria. Ukanata. Kisha akahisi ladha ya damu mbichi.

"Dada, mbona umepauka?" mwenzake akamuuliza.

"Si kitu. Tia asidi."

Asidi ikala mfupa uliogeuka jiwe, ikabakisha mishipa laini, inavutika kama mpira. Mwenzake akapiga vigelegele. Maabara nzima ikanuka bucha, na nyuma ya mlango wa stoo kitu kizito kikawa kinahema.

Nyumbani akaonja uji wa binti yake usije ukamuunguza, kama mama yeyote, kisha akamlisha kwa kijiko kilekile. Kabla bakuli halijaisha, ulimi wa mama ukakakamaa. Mumewe akawaita mganga na yule mwenzake wa maabara.

Mganga alinusa mlangoni tu, akarudi nyuma. Hapo sauti nzito ikatoka kwenye kinywa cha yule mama, midomo haitikisiki, ulimi umekauka, vikombe vinalia kabatini na ile pumzi ya stoo sasa inasikika chini ya meza: "Mwanangu alilala salama kwenye mwamba tangu binadamu hamjaumbwa, mkamng'oa, mkamlamba, mkamyeyusha, mkashangilia!"

"Mrudishieni mfupa wake," mganga akanong'ona.

"Haupo," mwenzake akajibu, analia. "Tumeuyeyusha wote."

Basi mganga akafukiza, akakemea, akasihi hadi koo likamkauka. Ghafla mlango ukafunguka wenyewe, harufu ikatoka nje, ulimi ukalegea. Mumewe akapiga magoti akishukuru. Maskini, alidhani jini limefukuzwa. Nani afukuze mama aliyefiwa? Liliondoka kwa hiari yake, limekwisha kulipiza.

"Mwanangu!" yule mama akaita.

Binti alikuwa bado mezani. Akafungua kinywa amjibu, sauti haikutoka. Kijiko kilichokuwa mdomoni kikagonga ulimi, kikalia ngo!

"Labda ni ganzi tu," baba akasema.

Mama akamshika mtoto mashavu, akainama, akagusa ulimi ule kwa ncha ya ulimi wake.

Ukanata.