Usimuulize Anachosema

Seremala alikaa kwenye ncha kabisa ya benchi, paja moja likining'inia hewani, ilhali benchi lilitosha watu wanne.

"Sogea ukae vizuri, kaka," daktari alimwambia.

"Hapa panatosha. Tusimbane mwenzetu."

Chumbani humo hospitalini walikuwa wawili tu. Daktari alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyerudi shule ukubwani, kusomea ubingwa wa kuwapima watu wenye kesi za jinai. Seremala alishtakiwa kwa kumfungia ndugu yake wa damu ndani ya karakana na kuiwasha moto. Mahakama ilitaka kujua kama siku ile alikuwa na akili timamu. Mlango wa chuma hufunguliwa kwa nje na mlinzi, na mpaka ugonge.

Habari za wenzetu wasioonekana daktari alishazisikia mpaka akazizoea. Profesa wao chuoni aliwafundisha: mgonjwa akisema kuna mtu, usibishe wala usicheke, uliza mtu huyo anasema nini. Akauliza.

Seremala akaziba masikio. "Usimuulize anachosema, dada. Niulize nilichofanya mimi. Polisi waliniuliza hivyo, wakatoka salama."

Daktari angeishia hapo. Lakini kitu kilimwasha moyoni, kama mtoto aliyekatazwa kuchungulia.

"Nataka kumsikia yeye," akasema.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapita usoni mwa daktari. Seremala akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akateleza taratibu mpaka katikati ya benchi, akanyoosha miguu. Kisha akaanza kulia.

"Ndugu yangu," alisema. "Nimemuua ndugu yangu."

Profesa alifurahi kupita kiasi. "Miezi yote hiyo hakuna aliyemtoa machozi," alimwambia daktari. "Kazi hii umezaliwa nayo."

Jioni mumewe alimpokea mkoba mlangoni, akachungulia nyuma yake. "Mbona nimesikia miguu ya watu wawili? Usiniambie umejiletea mke mwenza. Mwambie kabisa, hapa tunaanza na kuosha vyombo."

Daktari akacheka. Akakatisha kicheko, kwa kuwa mtu wa tatu naye alicheka, kwa upole, kama anayecheka nyuma ya pazia.

Sauti haikuwa ya kutisha, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Ilikuwa na adabu. Ilimsalimu asubuhi, ilimpa pole ya kazi, kisha ikasema: chumba cha mtoto hakina komeo. Mtoto mwenyewe ni mmoja, binti wa miaka sita waliyembandika jina la Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo. Daktari aliyajua majina yote ya ugonjwa unaoanza hivyo. Alimeza dawa, akalala, akaamka, na sauti ikamuuliza kama amelala vizuri.

Mchana mmoja, nyumba ikiwa kimya na jua limejaa sebuleni, alijikuta amepiga magoti mbele ya mlango wa mwanawe, komeo jipya ambalo hakukumbuka kulinunua likiwa tayari limeshikizwa kwa skrubu mbili upande wa nje, bisibisi mkononi, kiberiti mfukoni mwa gauni, na kutoka ndani akimsikia Chiriku akiwaimbia wanasesere wake wimbo wa kujitungia, huku ile sauti ikimhimiza sikioni, polepole, kama mkunga, bado moja, mama, bado skrubu moja tu.

Alikimbilia hospitali bila viatu.

"Namtoaje?" alimuuliza seremala.

"Hatoki. Huhama tu. Anayeuliza kwa mazoea hamtaki; anamtaka anayetamani kumsikia." Seremala aliinamisha kichwa. "Nilikuwa namsubiri mtu nitakayemchukia, nimwache aulize. Ukaja wewe, ukaniita kaka, nikakukataza."

Daktari aliwafikiria wanafunzi wenzake, vijana wenye hamu ya kujua kila kitu. Angeweza kumkalisha yeyote kati yao na kumsimulia. Badala yake alikwenda kwa profesa. "Mimi ni hatari kwa mwanangu," alisema. "Nifungieni. Na mtoto asiletwe."

Wakamfungia. Kila siku profesa alimuuliza sauti inasema nini, na kila siku jini halikutikisika, maana mzee yule jibu alikuwa nalo kichwani kabla ya swali.

Mtoto aliletwa. Profesa aliona kuwa uso wa mwana ungemrudisha mama. Daktari alipomwona mumewe kwenye kidirisha cha wavu, na kile kichwa kidogo chini ya mkono wake, alijibana ukutani na kufumba macho.

"Mama," Chiriku alisema, "huyo anayekunong'oneza anasema nini? Mbona hasemi kwa sauti? Na mimi nataka kusikia."

Kichwa cha daktari kikawa cheupe, chepesi, kimetakata kama kioo kilichofutwa, harufu ikakatika, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya benchi alikuwa peke yake ndani ya mwili wake, na akajua jini limehamia kwa nani, akaurukia mlango akiupiga kwa viganja na kumsihi mumewe asirudi nyumbani na huyo mtoto, amlete ndani, amfungie humu humu pamoja naye, mpaka mumewe akamziba binti masikio na kumwondoa akijikwaa.

Jioni profesa alikuja mwenyewe. Daktari aliongea kwa utulivu, kwa mpangilio, kama anavyotakiwa kuongea mtu mwenye akili timamu. Alisema amepona. Alisema jini limehamia kwa mtoto. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno liliongeza kufuli mlangoni.

"Pumzika," profesa alisema kwa huruma. "Nyumbani ni salama. Mumeo amepiga simu sasa hivi. Binti ametulia ajabu, anasema, tangu warudi hajatamka neno. Amekaa tu kitandani, ametega sikio, anasikiliza."