Dakika Tano za Kinyozi Redio

Habari hii nilipewa na mjukuu wangu wa darasa la sita, Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukichambua maharage. Alisimulia polepole, macho kwenye ungo, nami sikumharakisha.

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja na kuosha vyombo, mjukuu wangu humfuata shangazi yake. Huyo ni binti yangu, mhudumu wa idara ya afya ya mji. Shangazi hubeba mashine ya kupima presha, mtoto hubeba daftari na saa. Kazi yake ni kuhesabu dakika tano. Maana mtu hapimwi tu kama anayepimiwa sukari dukani. Lazima kwanza akae, aegemee kiti, miguu iguse chini, na mdomo unyamaze. Akipimwa huku anahema au anabishana, mashine hutoa namba isiyo yake.

Miaka yote idara ilizungusha gari la vipaza sauti na kubandika mabango. Kama yalisaidia, hakuna aliyejua. Safari hii mkuu wa idara, mama mwenye miwani minene, alisema, "Tusikisie, tupime." Mtaa wa juu ukapata mabango. Mtaa wa chini ukatembelewa nyumba kwa nyumba kwa miezi mitatu. Watu wakapimwa, wakafundishwa kupunguza chumvi, kutembea na kutoacha dawa. Njia itakayofaa zaidi ndiyo itakayopelekwa mji mzima.

Mtaa wa chini ni wa shangazi. Mjukuu wangu alitamani ushinde, tena sana.

Jumamosi ya mwisho ya upimaji akabaki mtu mmoja hajapimwa, kinyozi anayeitwa Redio. Jina hilo kapewa kwa kuwa hanyamazi. Shangazi alikuwa nyumba ya jirani na bibi mwenye kizunguzungu, akamwambia mtoto, "Mwanangu, mtulize Redio, kisha bonyeza kitufe kama nilivyokufundisha."

Redio akakaa. Dakika moja haikuisha.

"Hivi unajua nimemnyoa nani leo?"

"Mjomba, umeongea. Naanza upya."

"Haya, kimya. Ila nikwambie kimoja tu..."

Wateja wakaangua kicheko. "Mtoto, mzibe kwa taulo!" akasema mmoja. Mara tatu saa ikaanzwa upya.

"Andika namba ya mwezi uliopita," Redio akasema, akishika tena mashine yake ya kunyolea. "Niko imara kama tairi jipya!"

Mtoto akatazama mlangoni. Akafungua daftari, akaandika namba ya mwezi uliopita. Kisha akaipunguza kidogo, ipendeze.

Mchana, ofisini, mkuu wa idara alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Kinyozi ameshuka vizuri tangu tuanze! Basi hahitaji tena kutembelewa. Tumtoe kwenye orodha ya wanaofuatiliwa."

Shangazi akachukua kalamu amkate. Mjukuu wangu akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Shangazi, usimkate. Sikumpima. Ile namba nimeitunga."

Shangazi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma mtoto zaidi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka mtaa wetu ushinde."

"Chukua saa," shangazi akasema. "Twende."

Safari hii shangazi mwenyewe alisimama mbele ya Redio. Redio akavimbisha mashavu, jasho likamtoka kwa kuzuia maneno, lakini dakika tano zikatimia. Mashine ikambana mkono, ikaachia. Namba ilikuwa juu, juu mno. Wakangoja kidogo, wakapima tena. Ilikuwa ileile.

"Dawa unakunywa?" shangazi akauliza.

Redio akatazama nywele zilizotapakaa sakafuni. "Niliacha, dada. Nilijiona nimepona."

"Presha haina kelele kama wewe. Unajiona mzima, kumbe inakula ndani kwa ndani."

Jioni ileile akampeleka kituo cha afya, akaanzishiwa dawa upya.

Namba ya kweli ikaandikwa, na ya uongo ikakatwa kwa mstari mmoja ili kosa lionekane. Idara ilipolinganisha mitaa, mtaa wa chini ulikuwa umefanya vizuri zaidi, hata pamoja na Redio. Mkuu wa idara akaongeza jambo kwenye mpango: kila nyumba waulizwe kwanza nani ameacha dawa.

Akamwita mjukuu wangu. "Umeona? Namba yako nzuri ingemficha mgonjwa, na sisi tusingejifunza lolote. Kazi yetu si kushinda, mwanangu. Ni kujua ukweli mapema, mtu angali mzima. Na wewe uliusema kabla hatujamkata. Endelea kubeba daftari."

Jumamosi iliyofuata namba ya Redio ilikuwa imeanza kushuka. Jumamosi ya baada yake walirudi tena. Redio akakaa kwenye kiti chake cha kunyolea, akaegemea, akafunga mdomo bila kuambiwa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto akainua macho kutoka kwenye saa.

"Shangazi, mjomba amesinzia."

"Nimfunge mashine mkononi hivyohivyo?" shangazi akauliza, akimpima mtoto kwa swali hilo.

"Hapana. Usingizini namba hushuka, haitakuwa yake. Tumsubiri aamke, ndipo tuanze upya."

Wakakaa kwenye benchi la wateja. Nafasi ya Redio kwenye daftari ikabaki wazi, naye akakoroma taratibu, taulo begani.